Uso wa Padri kwenye Sketi ya Mama Mkwe

Mimi nina hasira za haraka na kazi yangu ni ya polepole, na hapo ndipo shida zangu zote zinapoanzia. Nashona nguo hapa Kasongo, kwenye baraza ya nyumba ya kupanga karibu na soko. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ambayo maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika zamani. Kila asubuhi naiamkia kabla sijamwamkia mtu. Ikikubali kwenda vizuri, mimi ni mpole, nacheka na wateja, nawauliza habari za watoto wao. Ikikataa, mke wangu huwaambia majirani wapite upande wa pili wa barabara.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumamosi, na kesho yake padri mmoja mzaliwa wa hapa alikuwa anasherehekea jubilei ya upadri wake. Parokia iliagiza kikwembe cha sikukuu kutoka Bukavu: kitambaa cha buluu chenye maua meupe, na kati ya maua, kwa kupishana, duara kubwa, na ndani ya duara uso wa padri mwenyewe na miwani yake, anatabasamu. Uso wenyewe ulikuwa mkubwa kama sahani ya wali. Akina mama wote wa parokia walikinunua, na kila fundi wa mji alikuwa na rundo lake la buluu.

Yeyote aliyewahi kushona kitambaa chenye uso wa mtu anajua sheria moja. Uso unakaa kifuani, au mgongoni, au pembeni mwa paja. Haukai mahali pa kukalia. Ni sheria ambayo hata anayejifunza kushona haambiwi, maana inadhaniwa kila mtu ana akili zake. Mimi nimeshona nyuso za maaskofu, za wagombea wa uchaguzi, za marehemu waliopendwa na wasiopendwa, na sikuwahi kumkalisha mtu vibaya. Nilikuwa nikijisifia jambo hilo mbele ya mafundi wenzangu, tena bila kuulizwa.

Katika rundo langu kulikuwa na kitambaa cha mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni dada mkubwa wa yule padri. Kwa sababu hiyo alichaguliwa kubeba kapu la matoleo mpaka altareni, peke yake, kanisa zima likimtazama. Ni mjane, mkulima wa upande wa Lusangi, mwanamke wa maneno machache ambayo hayarudishwi. Nilipopeleka posa kwa binti yake na akaambiwa kwamba mchumba ni fundi wa nguo, aliuliza, "Bon, na kazi yake njo gani?" Watu walicheka, mimi nikacheka nao, na usiku ule sikula. Tangu tuoane nguo zake alikuwa akizipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja anayeona kwa jicho moja. Mara hii, kwa shingo upande na kwa kusukumwa na mke wangu, alikubali nimshonee mimi. Kwa hiyo mnielewe: kwangu mimi ile haikuwa sketi na blauzi. Ulikuwa mtihani niliousubiri tangu siku ya ndoa.

Sasa niseme jambo la desturi. Kwa upande wao, na hata kwetu Kabambare nilikozaliwa, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Simtazami usoni, naye hanitazami. Hatupeani mikono, hatuli pamoja. Nikimwona anakuja njiani, naingia majanini mpaka apite, hata kama majani yana upupu. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha; wao na simu zao. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye ndiyo kabisa. Zaidi ya yote, kiungo cha mwili wa mama mkwe hakitajwi na mkwe. Bega lake tu ni tabu, sembuse kiuno. Mtu kama huyo unampimaje?

Aliyempima ni mke wangu, chumbani, mimi nikiwa barazani nimegeukia ukuta. Vipimo akaniletea na kunisomea kwa sauti ya chini. Tulipofika sehemu fulani nilimwambia anitajie namba tu, asiseme ni ya wapi. Mke wangu alinitazama, akasema, "Unajua nguo iko na nyuma pia?" Nikamjibu kwamba mimi ni fundi na sifundishwi kazi.

Jumamosi alfajiri mke wangu alipanda pikipiki kwenda Nyangwe kutafuta samaki wa sherehe, akaniambia atarudi kesho asubuhi, moja kwa moja kanisani. Nikabaki na cherehani na rundo langu la buluu. Nilikuwa nimeiweka kazi ya mama mkwe iwe ya mwisho, ili niifanye kwa utulivu. Mtu mwenye busara angeifanya ya kwanza.

Asubuhi ilipita kwa akina mama waliokuja kuchukua nguo zao. Kila mmoja alikuwa na neno. Mmoja aliona padri wake amekaa upande upande, kama mtu aliyechoka. Mwingine alitaka apate mapadri wawili kifuani, mmoja kila upande, nami nikamwambia kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa kwamba anayesherehekea ni padri mmoja. Sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, nayo ikavunjika. Nikaenda sokoni kununua, nikarudi, nikakuta pasi ya makaa imetema majivu juu ya shati jeupe la mwalimu wa jirani. Nikalipuliza lile shati mpaka nikasikia kizunguzungu. Majivu yakaingia ndani zaidi.

Hapo ndipo alipofika mchimba dhahabu kutoka Salamabila. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na mkononi ameshika suruali niliyomshonea safari yake iliyopita, yenye mfuko wa siri ndani ya kiuno. Wachimbaji wanaipenda mifuko hiyo, na mimi nina sifa ya kuishona isionekane.

"Fundi," akasema, "hii mufuko uliweka upande gani?"

"Upande wa kuume. Njo upande wa kila mutu."

"Mimi iko mutu wa mukono wa kushoto. Nilikuambia."

Hakuniambia. Au aliniambia, siku ile sikuwa katika hali ya kukumbuka. Nikamwambia asubiri, kuna kazi ya haraka zaidi. Akakaa kwenye benchi langu, akavua viatu, akaanza kunieleza jinsi mafundi wa Bukavu wanavyofanya kazi. Wanapima mara mbili, alisema. Wanamuuliza mteja. Hawana hasira. Nikakitandaza kitambaa cha mama mkwe mezani, nikashika mkasi, na yule bwana akiendelea kunisifia mafundi wa Bukavu nyuma ya sikio.

Blauzi niliikata vizuri. Uso wa padri ukakaa katikati ya kifua, sawa kabisa, na nilikuwa na sababu ya kujipongeza. Kipande cha mbele cha sketi, maua matupu, safi. Kisha nikafika kwenye kipande cha nyuma cha sketi, na hapo heshima ndiyo iliyoniponza.

Maana fundi akitaka kukata vizuri lazima amwone mtu ndani ya kitambaa. Lazima aseme moyoni: hapa ni kiuno, hapa anapinda, hapa anakalia. Na mimi nililelewa nisiwaze mambo hayo kuhusu mama mkwe. Akili yangu ilipofika pale ilifumba macho yenyewe. Naapa nilikata kile kipande nikitazama barabarani. Niliona mbuzi anapita, niliona mama anayeuza makaa ng'ambo ya barabara akipepea mtoto wake, na mkasi ukaendelea kwenda kwa adabu njema. Nikashona vilevile, haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa bafu ulioachwa wazi.

Nikaipiga pasi. Nikaitundika kwenye msumari ukutani, nikarudi nyuma hatua chache kama ninavyofanya siku zote ili niisifu kazi yangu.

Padri alikuwa ananitabasamia kutoka mahali pa kukalia. Katikati kabisa. Sijawahi kuweka uso katikati namna ile, hata nilipokuwa nakusudia.

Mchimbaji aliwaacha hapo mafundi wa Bukavu. Akaitazama sketi, akanitazama mimi.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama mukwe."

Akavaa viatu vyake, akachukua suruali yake na mfuko wake wa upande mbaya, akaniwekea mkono begani. "Pole sana, ndugu yangu," akasema, na akawasha pikipiki yake. Ulipozimika mngurumo wake nilijikuta natamani arudi. Mtu anayekugombeza ni afadhali kuliko mtu anayekuhurumia.

Nilifunga baraza kwa kipande cha turubai, nikakimbia mpaka parokia kutafuta kitambaa kingine. Kilikuwa kimekwisha. Mama aliyekuwa akikiuza aliniambia kwamba hata wazee wa kanisa wengine wamekosa. Nikarudi, nikajaribu kutumia akili, kwa kuwa ufundi ulikuwa umenishinda. Niliweka marinda juu ya uso. Padri akaonekana kama anachungulia kutoka nyuma ya pazia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana sasa alionekana anajua yuko wapi. Nikatoa marinda. Nikabandika mfuko, ukamfunika mdomo, macho yakabaki nje na miwani yake. Nikatoa mfuko. Kila nilipotoa kitu, kitambaa kilibaki na vitundu vidogo vya sindano, na padri akawa kama mtu aliyeugua surua.

Nikampigia mke wangu. Yule mwanamke wa kwenye simu akanijibu kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, naye hana kosa, anafanya kazi yake. Nikaipiga teke cherehani. Cherehani ni ya chuma. Nikakaa chini nimeshika kidole cha mguu, na nilikuwa na hasira na watu wote kwa pamoja: mchimbaji, waliochora uso mkubwa namna ile, Nyangwe na samaki wake, padri aliyekubali kupigwa picha. Orodha ilikuwa ndefu, na jina langu lilikuwa halimo bado.

Ningeweza kumshauri mama mkwe ajifunge kikwembe kingine kiunoni juu ya sketi, kama wanavyofanya akina mama wengi. Lakini kumshauri ni kumwambia, na akiuliza kwa nini, ndiyo yale yale. Na kwa kawaida neno gumu kama hilo linapitia kwa mke. Mke alikuwa Nyangwe.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mama mkwe alipokuja kuchukua nguo. Alikuwa amefikia kwa ndugu zake hapa mjini kwa ajili ya sherehe. Alikaa kwenye benchi, akanipa mgongo, uso wake barabarani, kama inavyopasa. Mimi nikageukia ukuta, kama inavyopasa pia. Mtu akituona kutoka mbali angedhani tumegombana.

"Kazi ilishaisha?" akaiuliza barabara.

"Ilishaisha, mama," nikaujibu ukuta.

Nilikuwa nimeikunja ile nguo na kuifunga ndani ya karatasi, sketi ndani, blauzi juu, ili akifungua kidogo auone uso uliokaa vizuri. Ndiyo, nilifikia hapo. Niliuweka mzigo pembeni mwa benchi, nikarudi nyuma. Akauchukua. Akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia tangu nimwoe binti yake: "Aksanti." Akasimama, akaanza kwenda.

Nilimtazama akiondoka, kwa kuwa mtu akishakupa mgongo na anakwenda zake unaweza kuibaiba jicho. Alikuwa anatembea polepole, wima, kama mtu anayefanya mazoezi ya kesho. Na ndipo nilipouona akilini ule msafara wa kanisani. Atapita katikati na kapu lake, na kila atakayempita atamwona kwa nyuma. Kanisa zima litaona isipokuwa yeye. Ataendelea kutembea hivyo hivyo, wima, akidhani wanamheshimu. Aibu yangu niliweza kuivumilia, nimeizoea. Ile yake sikuweza.

Nikageukia cherehani na kupiga kelele.

"Weye mashini! Umefanya mambo mubaya! Umeweka padri fasi yenye haifai!"

Kwetu, neno zito likikosa mtu wa kulipitisha, mtu anaweza kuliambia kitu chochote kilicho karibu: kuku, mtungi, nguzo ya nyumba. Mwenyewe atasikia. Mama mkwe alisimama palepale katikati ya barabara. Hakugeuka.

"Fasi gani?" akauliza.

"Mashini," nikasema, "umemuweka chini."

"Chini wapi? Ku miguu?"

"Juu ya miguu."

"Ku magoti?"

"Hapana. Juu ya magoti. Kwa nyuma."

Akafikiri. Mama wa makaa alikuwa ameacha kumpepea mtoto.

"Sisikie muzuri," akasema mama mkwe. "Iambie mashini iseme fasi."

Nataka kusema kwamba nilitafuta neno la heshima. Yapo. Kiswahili ni lugha tajiri, hata mahali pale unaweza kupazunguka kwa maneno mazuri mpaka mtu asijue unapita wapi. Lakini ilikuwa imebaki hasira ya kutwa nzima ndani yangu, na haikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

"Ku matako!" nikapiga kelele. "Padri iko ku matako yako, mama!"

Mama wa makaa aliweka kiganja mdomoni. Nilijua kwamba ndoa yangu imekwisha, kwamba wazee wataitwa, kwamba nitarudi Kabambare kulima, na kwamba nitakuwa mkulima mbaya vilevile. Nikaegemeza paji la uso kwenye cherehani, nikafumba macho.

Nikasikia hatua zake zikirudi. Benchi likalia alipokaa. Karatasi ikafunguliwa taratibu. Nilipofungua jicho moja nikaona mabega yake yanatikisika, nikasema moyoni: umemliza mama wa watu.

Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, baadaye kwa sauti, sketi ikiwa imetandazwa juu ya magoti yake na uso wa mdogo wake ukimtazama.

"Huyu mutoto," akasema, na hakuiambia barabara, "nilimubeba mu mugongo. Mama yetu alikuwa anaenda ku shamba, mimi nabaki naye. Alininyea mu mugongo mara mingi, weye! Leo amekuwa mukubwa, iko na miwani, anarudia fasi yake."

Akajipangusa macho kwa pembe ya kitambaa. Kisha akageuza sketi huku na huku, akaipima kwa jicho la mtu anayejua kununua.

"Lakini iko chini mno," akasema. "Mutoto akikaa chini hivi, anaanguka. Mutoto anakaa hapa. Angalia."

Alipeleka mkono wake nyuma na kuuweka mgongoni, chini kidogo ya mabega. Mimi nikaangalia ukuta.

"Ninakuambia angalia."

"Mama, siwezi."

"Jana ulikuwa mukwe. Kesho utakuwa mukwe. Sasa hivi weye ni fundi. Angalia!"

Nikaangalia. Kwa mara ya kwanza nilimtazama mama mkwe wangu kama fundi anavyomtazama mtu anayemshonea. Niliona kwamba bega moja limeshuka kuliko jingine, kwa mizigo ya mihogo. Niliona kwamba mgongo wake umepinda kidogo, na kwamba ile blauzi, hata bila padri, ingemkaa vibaya, kwa kuwa nilimkatia mwanamke aliyenyooka ambaye hayupo. Kiganja chake kilikuwa kimefunuliwa pale mgongoni, kimejikunja kidogo, kama kinachoshikilia uzito. Nikachukua chaki, nikaweka alama kwenye blauzi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu tulipokwisha kujua tunataka nini. Nilimkata padri kwa mduara kutoka kwenye sketi, nikakata mduara kama huo wa maua kutoka mgongoni mwa blauzi, nikaibadilisha mahali, na kuzungushia ukingo wa utepe mweupe ili ionekane ni mtindo. Nikapunguza bega moja. Mama mkwe alikaa palepale, mgongo kwangu, uso barabarani. Mara moja tu alisema, "Usimukate masikio." Sindano haikuvunjika tena. Nilimaliza kukiwa bado na mwanga wa kutosha kuingiza uzi. Akachukua mzigo wake na kuondoka, na wala hakusema aksanti ya pili.

Kesho yake mke wangu aliingia kanisani akinuka samaki, akabanana nami upande wa wanaume bila kujali, akaanza kuniuliza habari za nguo. Sikuwa nimepata pa kuanzia wakati nyimbo za matoleo zilipoanza na mama mkwe akatokea mlangoni na kapu kichwani.

Alipita katikati, wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu. Na kila alipopita, watu walimwona padri amekaa juu ya mgongo wake, anawatabasamia wao wa nyuma, kama mtoto anayebebwa anavyotazama njia anayoiacha. Nilisikia mnong'ono ukienda benchi kwa benchi. Sijui nani alianza, lakini akina mama wakapiga vigelegele, na waimbaji wakalazimika kurudia ubeti. Mke wangu alinishika mkono. "Nani alimupima?" akaniuliza. Nikamwambia anyamaze, tuko misani.

Padri alishuka ngazi, akapokea kapu kwa mikono miwili. Wakainamiana. Kisha dada yake akageuka kurudi mahali pake, naye akauona mgongo. Alibaki amesimama, kapu mikononi, akasahau kulitua. Akavua miwani. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mtu mzima yule, mbele ya watu wote, na mimi niliyejiapiza kutwa nzima ya jana kwamba sitagusa tena kitambaa chenye uso, nilikuwa ninalia kuliko yeye.

Baada ya misa watu walijaa uwanjani. Mimi nilisimama pembeni, hatua chache kutoka kwa mama mkwe, kila mmoja ametazama kwake, heshima imerudi mahali pake. Padri akaja akipenya katikati ya akina mama, akamgeuza dada yake kwa mabega, akalitazama lile duara la utepe mweupe kwa makini.

"Yaya," akamwita kama wadogo wanavyomwita dada mkubwa, "nani alikushonea hii?"

"Mukwe wangu," akajibu mama mkwe, kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka sokoni. "Hana haya hata kidogo."

Kisha akaongeza, akiwatazama akina mama wenzake mmoja mmoja, kana kwamba kuna aliyekuwa anataka kubisha: "Hata kidogo!"